Mkuku Mfupi

Pale yadi ya mashua kila mtu alimwita Bi Gundi, kwa sababu hata akitoka kuoga, akajipaka mafuta na kuvaa nguo ya kutokea, bado alinukia ile gundi ya faibaglasi ambayo ukiivuta asubuhi unaisikia kooni mpaka jioni. Alikuwa fundi tangu ujana wake. Mashua alizoziziba matumbo, mwenyewe hakumbuki idadi. Lakini hakuwahi kupanda hata moja ikiwa imefungua tanga. Mafundi wenzake walimtania sana kwa hilo, naye alikuwa na jibu lake la siku zote: "Kaulizeni wapishi wa hoteli, wangapi wanakula hotelini kwao."

Jibu lilikuwa la mzaha, ila hofu yenyewe haikuwa na mzaha. Watu wakitazama mashua majini huona rangi nyeupe na tanga lililotuna. Yeye alikuwa akiona chini. Aliona mkuku, lile pezi zito la madini ya risasi linaloning'inia gizani chini ya tumbo, na zile bolti zinazoushikilia, ambazo hakuna anayezikumbuka mpaka zilegee. Alijua ni mikono ya nani iliyokaza nati hizo, na jinsi mikono inavyochoka ikifika saa za kwenda nyumbani.

Kwa hiyo binti yake wa pekee alipoolewa na fundi pampu, na wawili hao wakanunua mashua kuukuu iliyotelekezwa pale pale yadi wakatangaza kwamba watakaa ndani yake, Bi Gundi hakulala vizuri tena. Mumewe, mshona matanga na maturubai ambaye watu walimwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, alijaribu kumtuliza. "Umepata mkwe mwenye nyumba na usafiri kwa pamoja," alisema, "na wewe unanuna." Mkewe hakucheka.

Vijana walikuwa na sababu zao. Ng'ambo ya ghuba kulikuwa na hori refu lililoingia ndani sana, na kando yake vitongoji vilivyotegemea pampu za maji. Barabara ya huko ilikuwa inavunja magari. Kwa mashua wangeweza kubeba mabomba, vipuri na vitanda vyao, wakafanya kazi kutoka kitongoji hadi kitongoji. Tatizo lilikuwa moja tu. Mashua ile ilitengenezwa kwa maji makuu, mkuku wake ulikwenda chini mno, na mdomo wa hori ulikuwa umezibwa na fungu la mchanga.

Walijaribu kupita hivyo hivyo wakati maji yamejaa. Walikwama. Maji yalipokupwa mashua ililala ubavu, ikabaki pale mchangani kama ng'ombe aliyechoka. Yaliporudi, mashua ilichelewa kuinuka. Ikabaki imelala huku maji yakipanda ubavuni, yakafika kwenye dirisha, yakaingia. Binti na mumewe waliyachota kwa ndoo na sufuria mpaka ikanyanyuka. Bi Gundi aliyasikia hayo siku ya pili, vijana wamesimama mlangoni kwake na nguo zenye ukoko wa chumvi.

"Shikamoo, mama," mkwe alisema.

"Marahaba, baba. Mbona mko hivyo?"

Wakamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika ukingo wa meza. Walipomaliza binti akasema, "Mama, tunataka utukatie mkuku."

"Niwakatie?"

"Nani mwingine, mama? Unataka tumpe mtu tusiyemjua?"

Hapo ndipo walipompata. Maana kazi hiyo kama ilikuwa lazima ifanyike, hakuwa tayari ifanywe na mkono mwingine, na kama ingefanywa na mkono wake, basi lolote ambalo lingetokea huko majini lingekuwa limetoka kwake.

Alimpigia simu mzee mmoja mchoraji wa mashua, mtu aliyekuwa akiishi mbali na aliyewahi kumsaidia zamani. Mzee alimweleza kwa utaratibu. Mashua ikilazwa na upepo, mkuku ndio unaoirudisha wima, kwa kuwa uzito wake uko chini kabisa. Ukiufupisha, unaipunguzia mashua nguvu ya kurudi. Dawa yake ni kuikata ile sehemu ya chini, kuiyeyusha, kuiongezea risasi nyingine, na kuisubu upya iwe bapa, pana na nzito, kisha kuifunga chini ya mkuku uliobaki kama unyayo. Akamtumia mchoro, na kwenye mchoro akapiga mstari. "Hapa," alisema. "Usipite hapa."

Mkwe alikuwa amekwenda kupima lile fungu kwa mti. Alirudi, akautazama mchoro, akakuna kichwa. "Mama, kwa kipimo hiki bado tutagusa. Tungekata kiganja kimoja zaidi tu."

Walikuwa wanne mezani. Binti alitazama mikono yake. Simu ilikuwa pale pale kando ya birika, na mchoraji angepokea, lakini kila mmoja alijua angesema nini, na kwa hiyo hakuna aliyeigusa. Bi Gundi alikumbuka lile dirisha na maji yakiingia. Akafikiria mashua imelala tena juu ya fungu, safari hii upepo uko mkali. Hofu moja ikaishinda nyingine. Alichukua kalamu ya mbao akapiga mstari wa pili juu ya ule wa kwanza, kwa kadiri ya mchoro, sawa na upana wa kiganja chake mwenyewe.

Mashua ilinyanyuliwa kwa winchi, ikasimamishwa juu ya magogo na kushikiliwa ubavuni kwa miguu ya chuma. Ilibidi fundi alale chali kwenye ubao, chini ya tumbo, na msumeno wa umeme kifuani. Risasi ni laini, lakini huvuta msumeno kama ugali mzito unavyovuta mwiko, kwa hiyo alikata kidogo, akamwagia maji ya sabuni, akakata tena. Machicha ya rangi ya fedha yalimwangukia kwenye miwani na kwenye ile barakoa nene. Kadiri alivyokaribia mwisho ndivyo alivyozidi kusikia kila kitu: mnyororo ukigonga, gogo likikaa vizuri, upepo ukipita kati ya mashua na paa.

Ndipo ukasikika. Mlio mrefu, mkavu, juu yake, kama mlango wa nyumba kuukuu. Mguu mmoja wa chuma ulikuwa umezama kidogo kwenye udongo, na mashua yote ikahama upana wa unywele. Bi Gundi hakukumbuka alitokaje pale chini. Alijikuta amekaa kwenye mlango wa stoo, msumeno bado unaunguruma peke yake kule alikouacha. Sindano alikwenda kuuzima. Akachimbia ule mguu, akauwekea bati zito chini yake, akaupiga nyundo pande zote. Alimletea mkewe maji, akasimama naye mpaka akayanywa.

"Tumwite mtu mwingine amalizie?" aliuliza.

"Akifa mtu mwingine je?"

Akarudi chini akamaliza. Kipande kile kilipoachia na kushuka kwenye mchanga waliomwaga kukipokea, ardhi ilitikisika miguuni mwao.

Kusubu kulimtisha zaidi. Risasi iliyoyeyuka haitaki maji hata kidogo. Unyevu ukinaswa chini yake hugeuka mvuke mara moja, nao hutafuta pa kutokea pamoja na risasi yenyewe. Waliikausha kalibu, lile umbo la kumiminia risasi, kwa moto, wakaikausha tena, wakavaa ngozi mikononi na vioo usoni. Risasi ilipoanza kutiririka ilikuwa nzuri kuitazama, inang'aa kama kioo, na Bi Gundi alikuwa anaitazama hivyo hivyo pale iliposema pah. Tonge moja liliruka kutoka kwenye kona ya kalibu, likapita kando ya sikio la mumewe, likagonga ukuta wa mabati na kubaki limeganda pale. Pengine lilikuwa jasho la mmoja wao. Waliendelea kumimina, kwa kuwa ukikatisha kazi hiyo katikati umeiharibu yote. Sindano, ambaye hata msibani alikuwa hashindwi kupata la kuchekesha, siku hiyo hakutania mpaka jua likatua.

Unyayo ukafungwa. Bi Gundi alizikaza bolti mwenyewe, akazipaka gundi, akazungushia faibaglasi tabaka juu ya tabaka. Mashua ikashushwa majini ikaelea sawa kabisa, haikuinama mbele wala nyuma. Majirani wa yadi wakaja kumpa mkono. Aliupokea mkono wa kila mmoja, na walipoondoka akamwambia binti yake aende upande wa gati, naye mwenyewe akakanyaga ukingo wa mashua kwa uzito wake wote, akauachia. Mashua ililala, ikarudi. Akafanya tena. Ilirudi tena, lakini ilirudi taratibu, kama mtu aliyeamshwa kabla usingizi haujamwisha. Zamani ilikuwa inarudi kwa kishindo.

"Iko vizuri, mama?" mkwe aliuliza kutoka ndani.

"Kesho mnaijaribu ghubani?"

"Kesho, mama."

"Nitakwenda na nyinyi."

Binti akageuka kumtazama. Mkwe akatokeza kichwa. Sindano, aliyekuwa anashona pindo la tanga gatini, akainua macho. "Mimi nitabaki," alisema. "Lazima awepo mtu wa kuwachemshia chai mkirudi." Sauti yake ilikuwa ya mzaha, lakini alikuwa amejichoma kidole, na hakuifuta damu mpaka alipoiona imeingia kwenye kitambaa.

Siku ya pili upepo ulikuwa wa wastani na mbingu nyeupe. Binti alishika usukani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na mkono mzuri, na mumewe akashughulikia matanga. Walimketisha Bi Gundi nyuma kabisa, na jaketi la kuelea limemfika masikioni. "Mama, shika chuma hiki hapa," binti alimwambia. "Ukiona tunainama usiogope, ndivyo inavyokwenda."

Tanga likajaa. Mashua ikainama. Bi Gundi alisikia maji yakikimbia upande wa pili wa ule ubao mwembamba aliouziba kwa mikono yake, na kila kiungo cha mwili wake kikataka kurudi nchi kavu. Alijaribu kufikiri kifundi. Alifikiri juu ya uzito, juu ya ule unyayo bapa ulioko chini yao, juu ya mistari miwili kwenye mchoro. Binti aligeuza mashua, akaipeleka, akaigeuza tena, uso wake umefunguka kwa raha. Hata mama alianza kutoa pumzi.

Ndipo mkwe akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Tazameni kule."

Kipande cha bahari kilikuwa kimebadilika rangi, kikawa cheusi chenye manyoya, nacho kilikuwa kinakuja. Kabla Bi Gundi hajamaliza kufungua mdomo upepo ulikuwa umefika. Mashua haikuinama, ililala. Kiti kikawa ukuta. Kisanduku cha vipuri kikapita mbele ya macho ya Bi Gundi kikatumbukia, na maji ya kijani yakapanda juu ya ukingo, yakamfika kiunoni, baridi. Aliona tanga likigusa bahari. Mkwe alikuwa ananing'inia kwenye waya wa mlingoti, miguu haina pa kukanyaga. Bi Gundi alikishika kilichokuwa karibu, akakishika kama roho yake.

Mashua ikabaki imelala. Hapo ndipo alipongojea irudi, naye alihesabu moyoni asijue anahesabu nini. Haikurudi. Alihisi kule chini unyayo wake ukivuta, ukivuta, na hautoshi. Ni kile kiganja, aliwaza. Nimemuua mwanangu kwa kiganja.

"Mama," binti alisema. Alikuwa amekwama kwenye usukani juu yake, karibu kumwangukia. "Mama, achia kamba."

Hakuelewa. Alisikia maneno lakini hayakuwa na maana.

"Mama yangu. Nimeshaifungua kamba ya tanga, lakini mkia wake umeushika wewe. Tazama mkononi. Achia."

Alitazama. Hakuwa ameshika chuma. Alikuwa ameshika kamba ile ile inayolivuta tanga, imezunguka winchi mara kadhaa na ncha yake imo ndani ya ngumi zake mbili, na wakati wote huo ni yeye aliyekuwa analizuia tanga lisiutoe upepo. Akaviamuru vidole vifunguke. Vilikataa. Vilikuwa vya mtu mwingine. Binti hakupaza sauti. "Kimoja kimoja, mama. Anza na kidole gumba." Akaanza na gumba. Kisha kingine. Kamba ikamponyoka ikimchuna ngozi, tanga likapigapiga kwa mlio wa kutisha, na mashua, polepole, polepole mno, ikaanza kunyanyua ubavu wake kutoka majini.

Wakageuza kurudi. Walipofunga gatini Sindano alikuwa amesimama na birika, na chai yote ilikuwa imemwagika kwenye viatu vyake. Alikuwa ameona kila kitu. Alimpa mkewe mkono ashuke, na hakumwachia hata walipofika kwenye benchi.

"Tunakata mlingoti," Bi Gundi alisema, alipoweza.

Mkwe alikuwa anakamua shati. "Lakini mama, si imerudi?"

"Imerudi nilipoachia."

"Tukikata mlingoti tutapunguza tanga. Tutakuwa kobe."

"Baba," alimwambia, naye hakuwa na hasira, "kuwa kobe."

Mkwe alimtazama mkewe. Binti alikuwa amekaa chini, mgongo kwenye nguzo, na sasa tu ndipo alipoanza kutetemeka. Mkwe akaenda akakaa kando yake, na hakubishana tena.

Bi Gundi alimpigia mchoraji akamweleza yote, pamoja na ule mstari wa pili. Mzee akamsema. Alimsema kama mtoto, naye aliyapokea yote, "ndiyo, mzee, ndiyo, mzee," mkono wenye michubuko umefungwa kitambaa. Alipomaliza kumsema akamwelekeza: mlingoti upungue kiasi gani, tanga lishuke kiasi gani, na risasi zaidi ilazwe ndani ya tumbo, chini ya mbao za sakafu, pande zote mbili za mkuku. Na kabla hawajatoka tena, wailaze mashua kwa makusudi pale gatini waone.

Mlingoti ukakatwa. Sindano akafumua tanga alilolishona kwa majuma mengi, akalipunguza, akinung'unika kwamba sasa amekuwa mshona suruali za watoto. Kisha siku ya utulivu wakafunga kamba ndefu juu ya mlingoti, wakaivuta kwa winchi ya mkono kutoka gatini mpaka mashua ikalala kabisa na kuonyesha tumbo lake, unyayo ule bapa ukichungulia majini. Mafundi wote wa yadi walikuja kutazama. Bi Gundi ndiye aliyesimama kwenye winchi. Alisimama na mkono juu ya komeo muda mrefu, watu wakaanza kukohoa. Akaachia. Mashua ikarudi kwa kishindo, ikapita wima, ikayumba upande wa pili na kuwarushia maji wote waliokuwa karibu. Watu wakapiga makofi. Binti alicheka, nywele zinachuruzika. Mama yake aliifunga kamba upya na kusema, "Tena." Waliilaza mpaka mafundi wakachoka kutazama wakarudi kazini.

Alikwenda nao safari ya kwanza ya hori. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyethubutu kumwambia abaki. Walivuka ghuba polepole kweli kweli, mashua nyingine zikiwapita na watu wakiwapungia, mkwe akiwapungia pia na kununa kidogo kila alipopitwa. Walipofika mdomoni mwa hori mchanga ulionekana wazi chini yao, na mistari yake na vivuli vya samaki wadogo. Binti alipunguza mwendo. Kulisikika mkwaruzo, krrr, mwepesi, kama mtu anayevuta kiti chumba cha pili, na Bi Gundi aliusikia kwenye meno. Halafu maji yakawa meusi tena, na walikuwa ndani.

Kwenye kitongoji cha kwanza watu walikuwa wanawangoja ufukweni, kuna pampu imekufa tangu juma lililopita. Vijana walipakia mabomba kwenye mtumbwi mdogo wakaenda. "Mama, njoo ushuke," binti alimwita. "Nendeni tu," alijibu. "Nakuja."

Alibaki peke yake, mashua imeshikwa na nanga. Upepo ulikuwa umeanza kuongezeka kidogo, wala si wa kumtisha mtu mwingine yeyote, na mashua ikazunguka polepole kuuelekea. Alishuka ndani, akapiga magoti, akafunua ubao wa sakafu. Pale bolti zilipopenya kwenye mkuku alipapasa kwa vidole, nati moja baada ya nyingine, akitafuta maji. Pakavu. Akarudisha ubao, akajifuta mikono, akakaa kwenye kitanda cha binti yake akisikiliza vicheko vya watu kutoka ufukweni. Baada ya kitambo akapiga magoti tena, akaufunua.